Siku Elektroni Zilipohamia Kushoto

Kila siku ya shule, kengele ya saa tisa na nusu ikilia, wenzake walikimbilia uwanjani na yeye alikimbilia kazini kwa shangazi yake. Usidhani alilazimishwa. Mama yake alirudi nyumbani jioni, mlango ulikuwa na kufuli, na kati ya kukaa kwa jirani akitazama televisheni na kukaa mahali ambapo watu wazima walichokoza atomu kwa mwanga, yeye alikuwa ameshachagua zamani.

Alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina lake la rejesta lilikuwa limesahaulika na karibu kila mtu. Nyumbani, shuleni, hata kazini kwa shangazi, alijulikana kama Kitambaa. Sababu ilikuwa mfukoni mwake: kitambaa cheupe cha pamba, kilichokunjwa mara nne, ambacho hakikutulia mfukoni dakika kumi. Alifuta dawati kabla ya kukaa. Alifuta na dawati la jirani yake, bila kuombwa. Mwalimu wao wa sayansi alikuwa akisema kwamba siku moja mtoto huyu ataufuta ubao hadi atokee darasa la upande wa pili wa ukuta. Yeye na vumbi hawakuiva kabisa.

Kazini kwa shangazi kulikuwa na vyumba viwili. Chumba cha nje kilikuwa na meza ndefu, kompyuta tatu, birika la umeme na viti visivyofanana. Chumba cha ndani ndicho kilichokuwa na leza, na juu ya mlango wake palikuwa na taa nyekundu. Taa ikiwaka, hakuna kuingia, hata uwe nani, kwa sababu mwanga wa mle ungeweza kumharibu mtu macho kabla hajapepesa. Katikati ya chumba hicho kulisimama chombo kikubwa cha chuma, kimekazwa kwa boliti pande zote, na hewa yake yote imenyonywa kwa pampu. Wenyewe walikiita Sufuria. Humo waliachia gesi kidogo, chembe za kuhesabika, kisha wakaipiga kwa mwanga mkali waone atomu zitafanya nini.

Kando ya mlango wa ndani lilining'inia daftari, limefungwa kwa uzi pamoja na kalamu. Sheria yake ilikuwa fupi: ukigusa, andika. Ukisogeza kiti, andika. Ukiegemea meza, andika, na saa uweke. Fundi wa mitambo, mtu mnene mwenye kicheko cha kutikisa vikombe, ndiye aliyelijaza zaidi. Ukurasa mmoja alikuwa ameandika: "Saa tano kamili nimepiga chafya karibu na Sufuria. Samahani, Sufuria." Kitambaa alikuwa ameusoma mstari ule mara nyingi na bado ulimchekesha.

Jumatatu ile alimkuta shangazi yake chumba cha nje akiwa na sinia la bati na konzi ya mchele mkavu. Fundi alikuwa amekaa pembeni na kikombe cha chai.

"Shikamoo, Shangazi. Shikamoo, Fundi. Leo mnapika?"

"Marahaba, mwanangu. Leo tunafundisha," alisema Shangazi. "Ijumaa darasa lenu linakuja hapa, au umesahau? Nimemuahidi mwalimu wenu kwamba wewe ndiye utakayewaeleza wenzako. Sasa mimi nataka kujua kama utaelewa."

Kusahau? Kitambaa alikuwa halali vizuri kwa ajili ya Ijumaa hiyo. Wanafunzi thelathini na wanane, na yeye mbele yao akionyesha huku na huku. Alivuta kiti upesi, akakifuta, akakaa.

Shangazi aliumwaga mchele katikati ya sinia akaanza kulitikisa, mbele nyuma, mbele nyuma, kwa mwendo ule ule. Punje zikasambaa, nyingine zikaenda mbele, nyingine zikarudi kwake. "Mchele huu ndio elektroni, zile chembe ndogo zinazokaa ndani ya atomu," alisema. "Mkono wangu ndio mwanga. Mwanga ni mtikisiko. Mwanga mwekundu peke yake, ukiwa mkali vya kutosha, unazing'oa elektroni kutoka kwenye atomu na kuzimwaga kulia na kushoto sawasawa. Kwenye kila mia, hamsini huku, hamsini kule."

"Kila siku?"

"Kila siku. Sasa tazama." Safari hii alilisukuma sinia taratibu akalivuta kwa ghafla, taratibu, ghafla, taratibu, ghafla. Mchele ukaanza kutembea. Kwa macho yake mwenyewe Kitambaa aliuona ukihama wote kwenda ukingo wa mbali, kama umeitwa.

"Mama alivyokuwa anapepeta mchele jana ndivyo alivyofanya," alisema.

"Ndivyo hivyo. Mama yako ni mwanafizikia, hajaambiwa tu." Fundi alicheka, vikombe vikatikisika. Shangazi akaendelea. "Mkono wangu sasa una mitikisiko miwili. Mmoja mkubwa, na ndani yake mwingine mdogo unaokwenda mara mbili kwa kila mmoja wa ule mkubwa. Sisi tunachukua mwanga mwekundu, tunauongezea mwanga wa buluu unaotikisika kwa kasi maradufu. Mianga hiyo miwili ikichanganyika, atomu haitikiswi sawasawa tena. Elektroni zinamwagika zaidi upande mmoja."

"Upande gani?"

"Hapo ndipo penye utamu," alisema Shangazi, na macho yake yakang'aa hivi kwamba ungemdhania msichana wa darasa la sita. Akageuza mwendo wa mkono: ghafla kwenda mbele, taratibu kurudi. Mchele wote ukarudi kwake. "Inategemea mitikisiko hiyo miwili imekutanaje. Wiki nzima, kwa gesi ya argoni, tumepata kulia. Kwenye kila mia, sitini na nne kulia. Kesho tunaweka gesi nyingine, zenoni. Atomu zake ni kubwa zaidi. Hatujui zitafanya nini, na ndiyo maana sijala mchana."

Kitambaa hakulala usiku ule pia.

Jumanne leza ilikuwa imezimwa na mlango wa ndani uko wazi. Fundi na Shangazi walikuwa wamepiga magoti nyuma ya Sufuria wakibadilisha mtungi wa gesi, na tochi ilikuwa inahitajika.

"Bosi, njoo utumulikie," Fundi alimwita Kitambaa kwa utani. "Vaa vifuniko vya viatu."

"Na usiguse kitu," Shangazi aliongeza. "Shika tochi tu."

Alishika tochi. Alisimama kando ya meza ya leza, meza nzito yenye matundu mengi, imejaa vioo vidogo vilivyosimama juu ya miguu ya chuma. Aliwamulikia vizuri. Lakini boliti moja ilikataa kulegea, Fundi akaanza kuisemesha kwa lugha ya kuibembeleza, na dakika zikapita. Ndipo mwanga wa tochi ulipopita juu ya kipande kimoja cha kioo, chembamba kama ukucha, kilichoshikiliwa na kishikizo kidogo. Juu yake palikuwa na vumbi.

Wewe ungefanyaje? Pengine ungeliacha. Yeye hakuweza. Ilikuwa chembe moja tu, nyeupe, imekaa katikati ya kioo bila aibu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshaingia mfukoni kabla hajafikiri. Alipitisha ncha ya kitambaa mara moja, polepole, na vumbi likaondoka. Kishikizo kilicheza kidogo sana, unywele tu, kikatulia. Akarudisha kitambaa mfukoni, na kusema kweli alijisikia vizuri. Hakuandika kitu daftarini. Kufuta vumbi, kwake, hakukuwa kugusa.

Jumatano alipofika, alisikia kelele tangu kwenye ngazi. Alifungua mlango akamkuta Fundi anacheza, mtu mnene vile, mikono juu, na Shangazi amesimama mbele ya skrini, viganja viwili mashavuni.

"Kushoto," alisema Shangazi bila hata kuitikia salamu. "Zimekwenda kushoto. Njoo uone, mwanangu, njoo."

Kwenye skrini kulikuwa na nguzo mbili. Ya kulia ilikuwa fupi, imeandikwa thelathini na tatu. Ya kushoto ilikuwa ndefu, sitini na saba, na namba zilizidi kuingia.

"Argoni inarusha kulia, zenoni inarusha kushoto," alisema Shangazi. "Mwanga ule ule, chombo kile kile. Umebadilika mtungi tu. Unajua maana yake? Maana yake atomu zenyewe ndizo zinazochagua upande. Hakuna mtu aliyewahi kuona kitu kama hiki. Nimekaa na kazi hii miaka minne."

Alimkumbatia Kitambaa, akamwinua hadi vidole vya miguu vikaacha sakafu. Kitambaa alicheka, Fundi alipiga meza kama ngoma, na kwa dakika tano chumba kile hakikuwa na mtu mzima hata mmoja. Profesa, mkuu wao, alikuwa ameshapigiwa simu. Ijumaa saa nne wangefika wageni sita kutoka vyuo vingine, na Shangazi angetangaza mbele yao. Saa tano lingefika darasa.

"Lakini dada, umehakikisha?" Fundi aliuliza alipopata pumzi. "Nguvu ya leza?"

"Nimepima mara tatu."

"Pampu?"

"Iko sawa."

"Na kile kioo cha kuchelewesha?"

"Kioo hakuna aliyekigusa. Nimeangalia daftari."

Kitambaa aliacha kucheka. "Kioo gani, Shangazi?"

"Kuna kipande chembamba pale mezani," Shangazi alieleza, bado anatabasamu. "Mwanga wa buluu ukipita humo unachelewa kidogo kuliko mwekundu. Ndicho kinachopanga mitikisiko miwili ikutane vipi. Kikiinama hata unywele, elektroni zinahama upande. Ndiyo maana hakuna anayekisogelea."

Kitambaa aliupapasa mfuko wake. Kitambaa kile cha pamba, mfukoni, kilikuwa kizito ghafla. Alifungua kinywa, akatazama uso wa shangazi yake uliojaa furaha, akakifunga. Alisema ana kazi ya hesabu, akaenda kukaa pembeni, na katika nusu saa hakuandika hata namba moja.

Njiani kurudi nyumbani alijipa maneno. Pengine kioo hakikuinama. Pengine kilirudi mahali pake. Na akisema, Shangazi hatamruhusu tena kuingia, na ziara itafutwa, na wanafunzi thelathini na wanane watamuuliza kwa nini. Jirani yake wa dawati, msichana aliyeitwa Redio kwa sababu hakuna siri iliyokaa kwake, alikuwa ameshawatangazia hata wa darasa la tano. Asubuhi ya Alhamisi Redio alikuja amebeba daftari jipya, amelifunika karatasi ya rangi. "La kesho," alisema. "Nitaandika kila utakachosema." Kitambaa alitabasamu kwa shida. Siku hiyo hakufuta dawati.

Saa kumi Alhamisi, Shangazi alikuwa anaandika maneno ya kuwasomea wageni. Alisoma kwa sauti, akafuta, akasoma tena. Kitambaa alikwenda mlangoni, akafungua daftari ukurasa wa Jumanne.

Mistari ilikuwa hivi: "Saa kumi na robo, nimefungua mtungi wa zamani." Chini yake mwandiko wa Fundi: "Saa kumi na nusu, boliti ya tatu imenikataa, nimeibembeleza." Kisha palikuwa na nafasi tupu, mstari mzima, ndipo likafuata: "Saa kumi na moja kasoro kumi, mtungi mpya umefungwa."

Aliitazama nafasi ile. Ilikuwa inatosha kabisa. Maneno manne tu, kwa mwandiko mdogo, na ingeonekana aliandika Jumanne ile ile, na kosa lingekuwa la wale ambao hawakusoma vizuri. Alishika kalamu. Aliishusha ncha ya kalamu hadi ikagusa karatasi, ikaacha nukta moja ndogo.

Halafu akawaza: na hii nukta, nitaiandika wapi?

Akafunua hadi ukurasa wa Alhamisi. Akaandika, kwa mwandiko wake wa kawaida wa shule: "Alhamisi, saa kumi na dakika ishirini. Jumanne wakati wa boliti nilifuta vumbi kwenye kioo chembamba. Kilicheza. Sikuandika. Na leo nimeweka nukta ukurasa wa Jumanne, nilitaka kudanganya." Akaweka jina lake la rejesta, lote.

"Shangazi," aliita. "Njoo usome."

Shangazi alikuja na kalamu sikioni. Alisoma mara moja. Akasoma tena. Tabasamu halikuondoka kwa mkupuo. Liliondoka polepole, na hilo ndilo lililomuumiza Kitambaa kuliko chochote. Akavuta kiti akakaa.

"Ulifutia upande gani?" aliuliza.

"Kutoka kushoto kwenda kulia."

"Kilicheza kiasi gani?"

"Unywele."

Shangazi alifunika macho kwa kiganja. "Nilikwambia usiguse kitu."

"Ndiyo, Shangazi. Niliona kufuta si kugusa. Jana uliposema, nikajua, nikaogopa." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Mtafuta ziara. Najua. Nitawaambia mwenyewe."

Fundi, aliyekuwa amesikia yote kutoka kwenye kompyuta yake, alisogea. "Dada, kabla ya kulia, turudishe argoni. Kama kioo ndicho chenye kosa, argoni nayo itakwenda kushoto."

Walirudisha mtungi wa zamani. Taa nyekundu ikawaka. Watatu walisimama mbele ya skrini, na nguzo zikaanza kukua. Kulia thelathini na nane. Kushoto sitini na mbili.

Argoni ilikuwa imehamia kushoto. Hakukuwa na la kubishania. Ugunduzi wa miaka minne ulikuwa umeletwa na ncha ya kitambaa.

Shangazi alimpigia simu Profesa, na Profesa akaja mwenyewe, mama mrefu wa maneno machache, mkoba begani.

"Shikamoo, Profesa," alisema Kitambaa akitazama viatu vyake.

"Marahaba." Profesa alisoma daftari, Jumanne na Alhamisi. Alichungulia ile nukta kwa karibu. "Kesho saa nne," alisema hatimaye, "ningesimama karibu na wageni sita nikisikiliza jambo lisilo la kweli, na ningelipigia makofi. Nani angelijua?"

"Hakuna," alisema Fundi. "Kwa muda."

"Kwa muda. Halafu watu wa mahali pengine wangelijaribu, lisitokee, na jina la huyu," akamwonyesha Shangazi, "lingechafuka." Akamgeukia Kitambaa. "Umelisafisha jina la shangazi yako leo. Jumanne ulisafisha kioo tu. Unaona kazi ipi ilikuwa kubwa?"

Kitambaa aliitazama ile nukta. Shangazi naye hakuwa anasikiliza. Alikuwa ameinama mbele ya skrini, kalamu bado sikioni, anatazama namba.

"Sitini na mbili," alisema taratibu. "Zenoni ilikuwa sitini na saba. Kioo kile kile, mahali pale pale. Kwa nini hazilingani?"

"Huenda ni tofauti ya kawaida," alisema Profesa.

"Huenda. Na huenda si hivyo." Sauti yake ilianza kupanda. "Tusikae na kioo mahali pamoja. Tukizungushe kidogo kidogo kwa kile kimota cha umeme cha kishikizo chake, hatua hamsini, tuhesabu kila hatua. Kwanza argoni, kisha zenoni. Tuone kila gesi inahama upande lini."

Profesa aliweka mkoba chini. Ndivyo Kitambaa alivyojua kwamba hakuna aliyekuwa anakwenda nyumbani mapema. Mama yake alipigiwa simu, akaja kumchukua saa kumi na mbili, na walipokuwa wanatoka mlangoni hatua ya tisa ilikuwa ndiyo kwanza inahesabiwa. Fundi alikuwa anaita namba kama mnadani.

Wageni walifika Ijumaa saa nne, wakapewa viti visivyofanana na chai. Hawakusomewa tangazo lolote. Saa tano liliingia darasa, wanafunzi thelathini na wanane na mwalimu wao, wakajipanga ukutani. Redio alikuwa mbele, kalamu tayari. Kitambaa alisimama kando ya sinia la mchele.

Aliwatikisia mchele. Aliwaonyesha ukienda mbele, aliwaonyesha ukirudi. Hakuna aliyecheza wala kunong'ona. Kisha akawaambia habari ya vumbi, na kioo, na ile nukta. Aliyasema yote mbele ya wageni sita, na masikio yalimwaka moto. Redio aliacha kuandika.

"Sasa tazameni skrini," alisema Shangazi, na akawasha kimota.

Nguzo mbili zilianza kucheza. Ya kulia ikapanda, sitini, sitini na tano, sabini. Ikasita, ikashuka, na ya kushoto ikapanda mahali pake. Kisha zikageuka tena. Elektroni zilikuwa zinahama kulia na kushoto kwa kuzungushwa kioo chembamba kama ukucha, na watoto wakaanza kuinama kulia na kushoto pamoja nazo bila kujijua. Mgeni mmoja mwenye mvi naye aliinama. Mwalimu wao alikuwa amevua miwani, anaifuta, anaivaa tena.

"Na hii ni ya jana," Shangazi alisema. Kwenye skrini ikatokea mistari miwili ya mawimbi, mmoja wa argoni, mmoja wa zenoni. Ilifanana kama mapacha, lakini haikulaliana. Mmoja ulitangulia kidogo, mwingine ukafuata nyuma, kila pinda, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

"Haziendi pande tofauti kama nilivyodhani," alisema Shangazi. "Zinahama zote mbili, ila hazihami pamoja. Ni jambo dogo kuliko la Jumatano. Tutalirudia mara kumi kabla ya kulitangaza, na pengine mara ya saba litatukatalia. Lakini hili nimelipata kwa sababu daftari limesema kweli. Bila ule mstari wa Alhamisi, nisingewaza kukizungusha kioo kile hata mwakani."

Mgeni mwenye mvi aliomba aoneshwe mistari ile kwa karibu. Kisha akaomba kuliona daftari. Alisoma, akacheka kidogo kwenye chafya ya Fundi, akausoma mara mbili ukurasa wa Alhamisi. Chini ya mstari wa Kitambaa palikuwa na mwingine, mwandiko wa Shangazi, wa usiku ule: "Jumatano nilifurahi kabla ya kurudisha argoni na kupima tena. Hilo ni kosa langu."

Shangazi aliwageukia wanafunzi. "Nisikilizeni, wanangu. Kila mmoja wetu hapa ataharibu kitu. Mimi nimeharibu, Fundi ameharibu, na Profesa kama anataka atawaambia yake." Profesa alitazama dari, watoto wakacheka. "Kosa likisemwa, watu wanaweza kulifanyia kazi. Likifichwa, linakaa ndani ya kazi na kuiozesha yote, na wanaoumia ni wale waliokuamini. Kwa hiyo msingoje hadi muwe wanasayansi. Anzeni na madaftari yenu ya hesabu. Mkikosea, andikeni mlichofanya kweli, na muandike mapema. Huyu alichelewa siku mbili, na zilimkondesha. Lakini hakujaza ile nafasi tupu, na kwa hilo nitamkabidhi hata ufunguo wa chumba hiki akishakua."

Kabla hawajaondoka, kila mmoja aliandika daftarini alichogusa. Ilichukua robo saa. "Nimegusa mlango." "Nimegusa sinia." "Nimegusa punje saba za mchele, moja nimeila." Redio alijaza nusu ukurasa.

Chumba kilipobaki na watu watatu, Kitambaa alianza kukusanya vikombe. Pembeni mwa meza, karibu na kompyuta ya kati, aliona unga mweupe wa mchele umetanda. Mkono ukaenda mfukoni wenyewe. Ukasimama hapo.

"Shangazi," alisema. "Hapa naruhusiwa kufuta?"

Shangazi hakuinua macho kutoka kwenye mistari yake miwili.

"Futa, mwanangu," alisema. "Kisha andika."